Nilimwambia Mama Zambia Ni Kwetu

Nimekosa, ndugu zangu, na wa kumlaumu simwoni ila mimi. Jina langu nisitiri, maana hapa Tunduma tunajuana sana.

Mimi nauza mchele. Nakonde, upande wa pili wa mpaka, naingia na kutoka kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Napita vichochoroni, nasalimia kwa Kinamwanga, najibiwa kwa Kinamwanga, narudi nyumbani. Hati ya kusafiria sikuwahi kuwa nayo, wala sikuona ya nini. Ujuaji ule, jamani!

Siku moja mama yangu mzazi alikuja kutoka kijijini, huko Momba, roho juu. Dada yake, mama yangu mkubwa aliyeolewa Kasama, ndani kabisa ya Zambia, alikuwa mgonjwa hoi na anamwita. Walikuwa hawajaonana tangu mimi niko shule.

"Mwanangu, si tuanzie uhamiaji tukaulize?" mama akasema. "Huko ni nchi ya watu."

Nikacheka! "Mama nawe! Zambia ni kwetu. Tulia, uko na mwenyeji."

Mwenyeji, mimi! Kasama kwenyewe sijawahi kufika. Mume wangu nilimuaga kwamba naenda Nakonde, basi. Tukavuka kwa vichochoro vyangu, na Nakonde tukapanda gari la Kasama. Humo mama alitaka kukaa na kikapu chake mapajani, nikaona ananiaibisha, nikakichukua nikakisukumia kwenye buti. Ndani yake kulikuwa na simu yake na dawa zake za presha.

Hatukufika mbali. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alipanda akasimama mbele yetu. "Mayo, passport?" akamuuliza mama; mayo ndivyo wanavyomwita mama huko. Mimi nikadakia, nikamsalimia kwa Kinamwanga na tabasamu juu, kama nilivyozoea. Hakukijua! Nikaanza kubabaika: sisi ni majirani, tuna mgonjwa, tunarudi kesho. Akatushusha. Bado namlilia, basi likaondoka na kikapu cha mama.

Simu yangu nayo mtandao wa Tanzania ulishakata. Namba za Kasama zilikuwa kwenye simu ya mama. Mungu wangu!

Tukawekwa kituoni. Mama akaanza kulalamika kichwa kinamuuma, kisha ulimi ukawa mzito. Askari mmoja wa kike ndiye aliyehangaika kumpeleka zahanati. Mimi mwenyeji nilikuwa nimekaa chini nalia. Mama hakunilaumu. Afadhali angenitukana! Alikuwa ananiuliza jambo moja tu: "Atakuwa bado ananingoja?"

Dada yake hakumngoja. Walipoturudisha mpakani, tukamkuta mume wangu amechoka, macho mekundu. Alikuwa amelizunguka soko lote la Nakonde akitutafuta, maana ndiko nilikomwambia naenda. Kisha mtoto wa mama mkubwa akampigia kutoka Kasama. Kikapu kilifika salama, kondakta alimkabidhi mtoto huyo stendi, alikokuwa akitungoja. Mama mkubwa alikiona kikapu cha mdogo wake, akakishika, akauliza mwenyewe yuko wapi. Amekufa hajajibiwa.

Ee ndugu zangu! Hasa nyie wenzangu wa mpakani, mnaojiona mmezaliwa mnajua. Nchi ya watu ni nchi ya watu, hata kama mnasalimiana lugha moja. Nendeni uhamiaji mapema mkaulize, mchukue hati, mchanje chanjo wanazotaka. Dawa kaa nayo mwenyewe, isiende kwenye buti! Andika namba kwenye karatasi. Na unayemwacha nyumbani mwambie unakokwenda kweli, usimdanganye kama nilivyofanya mimi.

Mama alipona, ila mkono wake mmoja hauna nguvu. Alipopata nafuu alikwenda mwenyewe kuomba hati, akachanja, akajiandaa kwenda kuliona kaburi la dada yake. Nami nikakimbilia kuomba hati yangu. Siku ya safari nikafika stendi na begi langu, kila kitu kimekamilika safari hii, nikamwambia, "Mama, twende."

Alikuwa amekaa na mdogo wangu wa kiume, kikapu chake kile, kilichorudishwa kutoka Kasama, mapajani. Akaniangalia bila hasira yoyote.

"Mimi nakwenda na huyu," akasema. "Wewe utakwenda siku yoyote, si ni kwenu?"