Viganja vya Mama

Mama yangu alikuwa msugua maharusi hapa Kengeja na vijiji vya jirani. Kabla ya harusi mwari alikaa ndani siku saba, naye mama akamsugua kwa singo aliyoitwanga mwenyewe: manjano, karafuu, liwa na mawaridi makavu. Siasa za vyama vingi zilipotufikisha mahali pa ndugu kutozikana, yeye aliingia nyumba zote. "Mwari hana chama," alisema, na hata waliomnunia walimfungulia mlango.

Viganja vyake, basi, vilikuwa vya manjano miaka nenda miaka rudi, na ndiyo maana hatukuuona ugonjwa. Mimi hasa, mwenye ulimi mkali, nilikuwa nikimkaripia mbele za watu: "Mama, osha mikono, wageni wanataka kula!" Alikwenda akaosha mara ya pili, mara ya tatu, rangi haitoki, akarudi ameificha mikono ndani ya kanga. Nikikumbuka hilo najichukia mpaka leo.

Kisha kukaja kuwashwa. Alijisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka, na sisi tukasema ni karafuu zimemchoma. Siku moja aliketi uani kwenye jua, akaniinulia uso, nikaona weupe wa macho yake umekuwa rangi ya kiini cha yai. Singo haipakwi machoni.

Hospitali ya mjini Chake ikatupeleka Dar es Salaam. Daktari wa huko, kijana mpole, hakumficha kitu. Saratani ilikuwa kwenye kongosho, imeshaenea, na ilikuwa imeubana mfereji wa nyongo. Kuitoa hawakuweza. Walichoweza ni kupitisha mpira mwembamba mdomoni mpaka huko ndani, wakaacha kijibomba cha kuifungulia nyongo njia.

"Si dawa ya saratani, bibi," alimwambia. "Ni ya kukupa nafuu."

"Kuwasha kutakwisha?"

"Inshallah, kutakwisha."

"Basi ntie, baba. Mie nna mwari wangu wa kumsugua."

Mwari huyo ni binti yangu, mjukuu wake wa kwanza. Harusi ilikuwa baada ya miezi miwili, na mama alimwahidi kumsugua tangu akiwa mtoto wa kunyonya. Nilitaka kumuuliza daktari kama ataifikia siku hiyo, nikaogopa jibu. Nikabaki na dua moja tu, nikairudia kila sala.

Kijibomba kikatiwa. Siku chache baadaye aliniambia mkojo umeacha kuwa kama chai ya rangi. Tuliporudi Kengeja macho yalikuwa yameanza kutakata, dodoki limetundikwa ukutani halina kazi, na mama anaomba ndizi za nazi na samaki. Nililia jikoni kwa furaha, nikasingizia vitunguu. Lakini viganja vyake vilikuwa vimetakata pia, mara ya kwanza tangu nipate akili, na sikuvipenda hata kidogo.

Majirani walikuja kumpa hongera ya kupona.

"Sikupona," aliwajibu. "Nimezibuliwa."

Wiki ya singo ilipofika alikaa mkekani, mto mgongoni. Kutwanga tulimpokea mchi, ila kusugua alikataa katakata kupokewa. Alimsugua mjukuu wake siku zote saba, akipumzika kila amalizapo mkono au mguu mmoja. "Mgongo huu mrefu kama njia ya Wete," alimtania, "nshachoka na sijafika hata Chake!" Tulicheka mpaka mwari akamwaga singo.

Baada ya harusi hakuinuka tena kitandani. Wiki mbili tu, akatutoka asubuhi, macho yake meupe, ngozi yake haina mchubuko hata mmoja. Namshukuru Mungu, na nawashukuru madaktari wale, sura zao nazikumbuka kila nikinyanyua mikono kuomba.

Tulipokuwa tunamwosha, mwanamke mmoja aliyashika manjano yaliyobaki kwenye kucha za mama, akaanza kuyasugua kwa nguvu yatoke. Nikamshika mkono.

"Iache," nikamwambia. "Hiyo singo ya mjukuu wake."