Mlezi M

Mtu amwite wifi yangu mvivu, atanitambua. Yeye ni fundi cherehani. Tangu kaka yangu apooze upande mmoja, ndiye anayemwosha, kumgeuza na kumlisha, kisha anarudi kwenye sare za shule za watoto wa watu. Alishona hata mkanda wa turubai wenye vishikio viwili, wa kumnyanyulia mumewe kitandani.

Mkanda huo ndio uliomleta binti mmoja wa chuo. Alishinda kwetu wiki nane na daftari lake. Nikamuuliza, "Mwanangu, nyumba moja itakufundisha nini?" Akasema huo ni uchunguzi wa kisa: badala ya kuhesabu watu elfu, unamtazama mmoja mpaka umwelewe kabisa. Jina la wifi asingeliandika, ili kumlinda. Angemwita Mlezi M. Tukachekelea, wajinga sisi.

Mwaka wa pili mgongo wa wifi ukagoma. Daktari akamkataza kunyanyua hata ndoo. Basi tukaenda kituo cha waliopooza kumwombea kaka kitanda. Akikosa hicho, nani wa kumwinua?

Afisa alitusikiliza huku akichezea kalamu, kisha akavuta ripoti.

"Mama, vitanda ni vya wasio na mtu. Kuuguza nyumbani kunawezekana, imethibitishwa. Msome huyu Mlezi M, mwanamke kama wewe, kajishonea mkanda wake, wala halalamiki. Mwige."

"Huyo ni mimi," wifi akasema.

"Kila mtu atasema hivyo. Majina hayamo."

"Na mgongo wangu, umo?"

Akapekua. Kwa kweli alipekua. "Uchunguzi uliishia wiki ya nane."

Ebo! Nilitamani kumbamiza na hiyo ripoti. Wiki nane, ndiyo kumwelewa mtu kabisa! Wamechukua nyumba moja wakaifanya sheria ya nyumba zote, pamoja na hiyo hiyo ya wifi.

Tulirudi mikono mitupu. Kaka alikuwa ameloa, macho mlangoni. "Wamekubali?"

Wifi alivua viatu, akampitishia mikono kwapani. Nikamwambia asubiri, nami nikashika miguu, na miaka yangu hii sitini na tisa. Tulimfikisha nusu, akatuponyoka. Tukaishia sakafuni wote watatu, wifi kashika kiuno, hawezi hata kulia.

Aliyeomba radhi ni kaka.