Vidole vya Rubani wa Kanja

Kila asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, Mwalimu Mwaniki alimwita binti yake barazani, akavaa miwani, akashika kioo cha kukuzia anachosomea Biblia yenye maandishi madogo, na kusema, "Lete mikono."

Wawira alinyoosha mikono. Mzee alipitia kidole kimoja kimoja, polepole, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari ya hesabu kabla ya kustaafu.

"Gumba la kulia limeanza kurudi," alitangaza siku ya nne. "Hiki cha shahada bado. Mama Wawira, njoo uone!"

Mama Wawira, yaani Ednah, hakuja kuona. Alikuwa ameshavaa kikapu mgongoni na mfuko wa nailoni kiunoni, anaelekea kwenye majani chai peke yake.

Wawira ni rubani. Sisemi mhudumu wa ndege, ingawa nusu ya kijiji chetu cha Kanja humsalimia hivyo na amechoka kuwasahihisha. Ni yule anayekaa mbele na kuirusha. Kwa miaka saba alirusha ndege ndogo kutoka Nairobi, akipeleka dawa Turkana, watalii Mara, na miraa kwenye viwanja vya vumbi ambako abiria wa pili alikuwa mbuzi. Alitaka ndege kubwa. Alizitaka tangu akiwa darasa la tatu, na hakuwahi kuzungukazunguka kusema hivyo.

Lakini ndege kubwa za nyumbani ni chache na wanaozitaka ni wengi, kwa hiyo akaomba kazi nje. Kila fomu ilikwenda vizuri: leseni, anayo, saa za kuruka, anazo, Kiingereza, anakijua. Halafu mwishoni lilikuja swali moja, lile lile kila mara: je, una haki ya kuishi na kufanya kazi katika nchi hii? Akijibu hapana, ukurasa unamshukuru na kujifunga. Fomu kumi na tisa zilimshukuru. Ile ya kumi na tisa aliijibu kwa kuizima kompyuta kwa hasira.

Ya ishirini haikumshukuru. Shirika moja la huko Asia liliandika kwamba linamtaka, na kwamba lenyewe litamwombea kibali. Nchi ile ilikuwa ikiruhusu marubani wageni arobaini tu kwa mwaka, nafasi zilikuwa zimebaki sita, na maombi yalifungwa tarehe thelathini Juni. Wawira alipompigia mama yake alipiga kelele hivi kwamba Ednah alikaa chini kwenye mtaro, akidhani ni msiba.

Kilichobaki kilikuwa kidogo sana: kwenda kwenye ofisi ya viza Nairobi kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Akairudisha nyumba ya kupanga kwa mwenyewe, akapakia vitu vyake, akaja Kanja wiki mbili kuaga.

Na hapo ndipo alipoharibu, kwa sababu kwa Ednah hakuna mtoto wa kukaa bure. Hata uwe waziri, ukifika unaulizwa habari, unapewa uji, kisha unapewa kikapu. Ulikuwa msimu wa majani. Wawira alichuma kuanzia alfajiri, majani mawili na kichipukizi, utomvu ukimweusisha vidole, na mchana alipukuchua mahindi kwa mikono huku akimsimulia mama yake habari za ndege yenye viti mia mbili. Alikuwa na furaha mno. Hakuna aliyemwona akijiharibia, naye hakujiona.

Jumatatu ya miadi yake Nairobi, mashine ya kusoma alama za vidole ikawaka nyekundu. Akapangusa vidole, akarudia. Nyekundu. Karani akamshika mkono, akaugeuza: mistari ya vidole ilikuwa imesuguliwa ikafutika.

"Madam, hizi mikono umefanyia nini?"

"Nimechuma chai."

Karani akaangalia karatasi, akamwangalia yeye. "Hapa imeandikwa wewe ni pilot."

"Ndiyo. Pilot wa kwetu huchuma chai."

Karani alicheka, lakini alimwonea huruma. Akampa nafasi ya mwisho iliyokuwepo, tarehe ishirini na tisa, siku kumi mbele. Akamwonya: hakuna shamba, hakuna sabuni ya kufulia, paka mafuta, na uombe Mungu ngozi iote. Vidole vikikataa tena, basi mwaka huu umekwisha.

Ndiyo maana rubani alikuwa amekaa barazani kama bibi harusi, mikono imepakwa mafuta ya ng'ombe, huku mama yake wa miaka sitini na tatu akipanda kilima na kilo kumi na tano mgongoni. Ilimuuma moyoni. Jirani yao Gladys alipita siku ya tano, akasimama langoni.

"Mama Wawira, huyu msichana wa ndege siku hizi hashiki kazi?"

"Ameambiwa apumzishe mikono."

"Na wewe yako nani ataipumzisha?" Gladys akaguna, akaenda zake, na kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba binti wa Mwalimu amepata maringo.

Siku ya nane ng'ombe alikata kamba. Alitoka bandani kipande cha kamba kikiburutika nyuma yake, akaelekea moja kwa moja kwenye mboga za watu, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Wawira alimkimbilia huku mikono iko juu kama mtu anayetekwa na majambazi. Akaikanyaga kamba, akaizungusha kwenye kiwiko, mara tatu, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Ng'ombe alimburuta mpaka kwenye migomba kabla ya kukubali. Mzee aliporudi alimkuta ameketi kwenye matope, kiwiko kimechubuka, vidole kumi vimesimama hewani, visafi.

"Lete mikono," alisema Mwalimu. Halafu akacheka mpaka akavua miwani.

Tarehe ishirini na tisa Wawira aliweka vidole vinne vya kulia kwenye kioo, akafumba macho. Moyo ulimdunda kuliko siku aliyotua Lodwar kwenye upepo mkali. Akasikia mlio mfupi. Akafumbua. Kijani! Vya kushoto, kijani. Magumba, kijani. Alimkumbatia karani juu ya meza, karatasi zikaanguka, na mlinzi akasogea kuona kuna nini.

"Pilot wa chai!" karani akasema, akiokota karatasi. "Enda ukatupeperushie bendera."

Kibali kilitoka wiki tatu baadaye. Siku ya kuondoka, gari la kumpeleka uwanja wa ndege likisubiri nje, Wawira alimpa mama yake simu mpya, ya kuonana usoni, na akakaa naye jikoni kuitengeneza.

"Weka kidole hapa, Mama. Itakujua. Haitamfungukia mtu mwingine."

Ednah akaweka gumba. Simu ikatikisika, ikakataa. Akaweka lingine. Ikakataa. Cha shahada, cha kati, cha pete. Akapangusa kwenye leso, wakaanza upya mkono wa pili, mpaka vidole vyote kumi vikaisha.

"Inasema mimi si mtu," Ednah akacheka.

Wawira hakucheka. Aliishika mikono ile akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa laini kabisa, zinang'aa, hazina mstari hata mmoja. Majani ya miaka arobaini. Shule ya urubani ililipwa na majani hayo, alijua hivyo siku zote, ila hakuwahi kuitazama mikono yenyewe. Yake ilihitaji siku kumi za baraza na mafuta. Akaanza kulia kwa sauti, mbele ya mama yake, kama mtoto.

"Nyamaza wewe, gari linangoja," Ednah akasema, akimsogezea simu. "Weka chako. Utakuwa ukinifungulia ukija."

"Na nisipokuwepo, Mama?"

"Si utapiga? Kupokea hakutaki kidole. Nimekuwa nikipokea zako miaka yote."

Basi Wawira akapangusa machozi kwa kiwiko, akakausha kidole chake, akakiweka.