Wakiuru Hataki Krimu

Wakiuru wa Tetu aliolewa na Gathogo zamani. Mbuzi walipelekwa, wazee wakanywa, na watoto wakafuata bila kungoja cheti. Kanisa halikuwa na neno. Neno lilikuja mwaka jana, Gathogo alipotaka kuchaguliwa mzee wa kanisa, akaelezwa kwamba cheo hicho hakiwezi kupewa mtu anayeishi na mwanamke ambaye kanisa halimtambui. Wakati huo mwanamke mwenyewe alikuwa nyuma ya kanisa, akiwapikia wazee chai.

Ikaamuliwa ndoa ibarikiwe, na kamati ikaundwa. Mwenyekiti akawa Muriithi, mwalimu mstaafu anayependa mambo ya kiasi. Katibu akawa Sophie, kifungua mimba wa Wakiuru, anayefanya kazi benki mjini Nyeri. Wakakutana sebuleni kwa Wakiuru, wakanywa chai yake, wakaamua sura ya harusi yake: suti ya rangi ya krimu, kofia ndogo, ibada ya Alhamisi asubuhi, kisha mandazi.

"Itakuwa ya heshima," Sophie akasema.

Wakiuru akaweka birika chini. "Mimi nataka gauni nyeupe. Iko na mkia. Na shela. Na iwe Jumamosi."

Watu wakatazamana kutafuta wa kusema. Akasema Muriithi.

"Mama Sophie, nyeupe ni ya usafi."

"Basi nitaoga."

"Sio hiyo usafi. Ni ya msichana ambaye bado..."

"Mwalimu, hiyo uchafu nilitoa wapi? Si kwa huyu?" Akamwelekezea Gathogo kidole. "Na yeye mmempea suti nyeusi bila kumuuliza swali hata moja."

Gathogo akaona kikombe chake kinahitaji kutazamwa kwa makini.

"Lakini Mum, ati mkia!" Sophie akasema. "Nani atabeba mkia?"

"Wajukuu. Wasichana wadogo huazima watoto wa jirani. Mimi niko na wangu."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Watakuwa wamekula."

Kwa miaka mingi Wakiuru ndiye aliyetangulia kikundi cha akina mama wanaomwingiza bibi arusi kanisani kwa wimbo na kucheza, taratibu, kutoka mlangoni hadi mbele. Wasichana wenye haraka aliwashika mkono. Wenye kusita aliwasukuma kidogo. Baada ya hapo alikwenda kuosha sufuria.

"Nimeingiza wasichana wote wa kanisa hii," akasema. "Hata wako, Mwalimu. Tumbo ndiyo ilitangulia kuingia, na hakuna mtu alisema krimu. Mimi nani ameniingiza?"

Muriithi akafunga mkutano kwa maombi, marefu, ambayo kwa sehemu kubwa yalihusu unyenyekevu.

Wakiuru hakubishana tena. Alisema tu kwamba bila gauni jeupe habarikiwi, akarudi kwa ng'ombe wake. Uchaguzi wa wazee ulikuwa unakaribia. Gathogo, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa na maoni kuhusu nguo ya mwanamke, akageuka mtetezi mkuu wa rangi nyeupe katika Tetu yote. Alikwenda kwa mchungaji, kisha kwa Muriithi, akamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuuambia Mlima Kenya uvae krimu kwa sababu ya umri. Kamati ikakubali, kwa shingo upande.

Sophie akampeleka mama yake duka la mavazi ya harusi mjini, akiomba kimoyomoyo asikutane na mtu wa benki. Msichana wa duka akawapokea kwa tabasamu.

"Karibu, shosho. Za mama wa bibi arusi ziko upande huu."

"Bibi arusi ni mimi."

Msichana akamtazama Sophie, kama mtu anayeomba kusaidiwa kumtuliza mgonjwa. Sophie mwenyewe baadaye hakuweza kueleza kilichompata.

"Si umesikia? Yeye ndiye bibi arusi," akasema. "Leta yenye mkia. Hapana, hiyo ni fupi."

Jumamosi kanisa lilijaa. Wengi walikuja kucheka, na mapema, wapate viti. Kikundi cha akina mama kikampokea Wakiuru mlangoni na kuanza kumwingiza. Hawakuwa na haraka. Kutoka mbele Muriithi akatazama saa, akawapungia mkono wasonge. Akina mama wakaongeza mwendo. Mpiga kinanda naye akaongeza.

Wakiuru akasimama katikati ya kanisa. Wimbo ukafifia, kinanda kikanyamaza.

"Hapana," sauti ikasema ndani ya shela. "Si hivyo tunaingiza bibi arusi. Tuanze tena, kutoka mlangoni."

Akageuka. Wajukuu wakazungusha mkia, kazi iliyochukua muda na kuwasogeza waumini wa viti vya kando, na msafara wote ukarudi nje. Gathogo akabaki mbele na suti yake nyeusi, akingoja kuletewa mke.