Nilivyojaza jina la baba kwenye rejista ya kituo chetu Matongo, nikakaribia kumpoteza mtoto wa watu

Wakuu, habari za muda huu. Kaeni vizuri mnisikilize, hasa ninyi mnaotaka kufungua kituo cha kulelea watoto. Kila mara naona mtu anauliza humu "daycare inahitaji nini", anapewa majibu mawili ya haraka, kisha uzi unakufa.

Naeleza yaliyonikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha. Mengine yote yapo kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nipo Matongo, Tarime. Huku akina mama wengi wanashinda mialoni, yaani kule wanakooshea mchanga wa dhahabu. Mtoto ambaye hajaanza shule anakwenda na mama yake. Anakaa juu ya kifusi, anachezea maji yenye zebaki, jua linampiga kichwani.

Nilikuwa nimefundisha chekechea miaka kadhaa, roho ikaniuma. Nikaanza na chumba kimoja na mkeka. Baadaye tukawa akina mama watano, tukaunda kikundi.

Chumba kikajaa. Tukataka mkopo wa halmashauri, ule wa vikundi vya wanawake, tuongeze chumba cha pili na choo. Ofisini wakatupokea vizuri, ila wakasema mkopo ni wa kituo, basi kituo kiwe kimesajiliwa kwanza.

Hatukuwa na usajili. Na afisa ustawi wa jamii alishatuambia kwa upole kabisa kwamba akirudi akakuta bado hatujaanza utaratibu, anafunga.

Kwa hiyo tulikuwa tumesimama hapo: tukipita ukaguzi, kituo kinabaki na mkopo tunaomba. Tusipopita, watoto wanarudi kwenye kifusi.

Nitulie kidogo nieleze mahitaji, maana wengi mnaogopa kabla hamjaanza.

Sisi tuliambiwa tuandike barua ya maombi ipitie kwa mtendaji wa kijiji. Tukaonyesha mkataba wa pango wa nyumba. Walezi wote tukapimwa afya, na mmoja wetu awe na cheti cha mafunzo ya malezi (mimi nilikuwa nacho). Afisa afya akaja kuangalia choo, maji, jiko na madirisha. Upande wa mkopo wakataka katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki.

Ukiyasoma yote kwa pamoja kichwa kinauma. Ukiyafanya moja moja, yanafanyika. Usinunue cheti cha mtu, na usiogope kuuliza swali lilelile mara tatu. Kwako huenda wakaongeza au wakapunguza kitu, kwa hiyo anzia kwa afisa ustawi wako.

Kitu cha mwisho kilikuwa rejista ya watoto. Hicho ndicho nilikidharau.

Mimi nilikuwa na daftari la kaunta. Nimeandika jina la mtoto na nani anamleta, basi. Mfano: "Mwita, wa Bibi Wankuru." Kijiji kizima kinaelewa.

Rejista ya ofisini ina safu nyingi. Jina la baba. Jina la mama. Simu. Wanaoruhusiwa kumchukua mtoto.

Siku mbili kabla ya ukaguzi nikakaa na mwenzangu Nyangi, tukawa tunahamisha majina. Tulipofika kwa Mwita, kalamu ikasimama.

Kwa wasio wa huku: kwetu Wakurya, mama aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti ili nyumba yake isifungwe. Tunaita nyumba ntobhu. Binti akizaa, watoto ni wa nyumba ile. Mwanaume aliyehusika anajulikana, lakini hahesabiwi.

Bibi Wankuru ana mabinti tu, na wote wameolewa. Mume wake alifariki zamani. Akatoa ng'ombe, akamleta Bhoke. Bhoke akamzaa Mwita, ambaye sasa ana miaka mitatu na maswali ya mtu mzima.

Sasa jina la baba niandike nani?

"Mwandike marehemu," Nyangi akasema.

"Marehemu kafa kabla Bhoke hajaletwa. Afisa akiomba namba yake ya simu?"

Nyangi akacheka mpaka akaweka kalamu chini. "Basi acha wazi."

"Rejista isiyokamilika nayo ni kosa."

"Si umwandike Marwa? Nani asiyejua?"

Marwa ni mchimbaji, kwao ni Morotonga kule Serengeti. Si mtu mbaya. Akipita kituoni alikuwa anamwachia Mwita biskuti, kisha anaondoka.

Nikaandika: Baba, Marwa. Mama, Bhoke. Kwenye safu ya wanaoruhusiwa kumchukua nikaandika "wazazi", kama nilivyowaandikia wengine wote. Bibi Wankuru, anayemleta kila asubuhi kwa mkono wake, hakuwa mahali popote kwenye mstari ule.

Sikumuuliza Bibi wala Bhoke. Niliona ni makaratasi tu, ya kumridhisha mgeni.

Halafu nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikasikia wakaguzi wanapenda kuona vitu ukutani. Nikaipiga rejista fotokopi, nikaibandika karibu na mlango.

Wazazi wakaisoma. Maneno yakatembea mpaka mashimoni.

Siku ya ukaguzi walikuja wawili, afisa afya na yule afisa ustawi, dada mmoja anayeongea polepole, nitamwita Dada Afisa. Choo tukapita. Maji ya kunawa tukapita. Dada Afisa akakaa mezani, akawa anapekua rejista ukurasa kwa ukurasa. Mimi nahesabu pumzi.

Pikipiki ikasimama mlangoni, injini inanguruma. Marwa akaingia. Shati safi, viatu safi.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba Marwa. Karibu, ila leo tuna wageni."

"Sikai. Nimekuja kumchukua kijana wangu."

"Kijana wako nani?"

"Usinichezee, mwalimu." Akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa. Baba, Marwa. Na hapa, wanaoruhusiwa, wazazi. Mimi ni mzazi au si mzazi?"

"Unampeleka wapi?"

"Nyumbani, Morotonga. Bibi yake anamsubiri. Bibi yake wa kweli."

 Na Mwita, aliyezoea biskuti, alishanyanyuka kwenye mkeka, akamshika mkono.

Dada Afisa akainua kichwa. "Kuna shida?"

"Hakuna, dada," Marwa akasema. "Nachukua mtoto wangu. Nyie mnapenda maandishi, maandishi hayo hapo."

Dada Afisa akatazama rejista, akaliona jina. Akanigeukia. "Mwalimu, huyu ndiye baba wa Mwita?"

Nyangi akanifinya mgongoni. Nilielewa anachosema. Nikijibu ndiyo, rejista ni safi na ukaguzi unaendelea. Mtoto anapanda pikipiki, na akishafika Serengeti mambo ya ukoo kwa ukoo yanaanza, na mnajua huku ukoo kwa ukoo hayaishii kwenye maneno. Nikijibu hapana, nimekiri mbele ya serikali kwamba rejista yangu ni ya uongo.

Nikauangalia mkono wa Mwita ndani ya mkono wa Marwa.

"Huyo mtoto si yeye anayetuletea," nikasema. "Hapo nilijaza bila kumuuliza mwenye mtoto. Nilitaka tu safu zisiwe wazi."

Afisa afya akafunga daftari lake.

Marwa akacheka kwa hasira. "Mnaona? Serikali ikija, mimi ni baba. Serikali ikiondoka, mimi si kitu."

Hilo neno liliniingia, maana lilikuwa kweli.

"Kaka," Dada Afisa akasema, "zima pikipiki."

"Nimeshasema sikai."

"Zima. Watoto wanavuta moshi."

Akasita, akatoka, akazima. Nikamvuta Mwita upande wangu. Nyangi alishatoka mbio kumfuata Bibi Wankuru, na bodaboda akatumwa mialoni kwa Bhoke.

Bibi ndiye aliyefika kwanza, fimbo mkononi, majirani nyuma yake. Dada Afisa akamsalimia shikamoo. Hakuitikia.

"Mura," akamwambia Marwa, yaani kijana, "umekuja kuchukua nini kwangu?"

"Damu yangu."

"Damu! Alipopata degedege usiku ule, damu yako ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa shimoni, natafuta."

"Basi rudi shimoni, bado hujapata."

Majirani wakaangua kicheko. Marwa akawaka. "Wewe bibi ndiyo baba? Hebu tuonyeshe ndevu!"

"Ndevu sina. Ng'ombe nilikuwa nazo, nikazitoa. Wewe ulitoa nini, biskuti?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na mimi nikaogopa zaidi, kwa sababu mwanaume anayechekwa mbele za watu hapa kwetu anaweza kufanya lolote. Ngumi zilishakunjwa. Dada Afisa akatoka, akasimama katikati yao bila kupaza sauti.

Bibi akanigeukia mimi. "Na wewe mwalimu. Nyumba yangu umeigawa kwa kalamu."



Bhoke akafika, matope mpaka magotini. Dada Afisa akamkalisha. "Mama, mambo ya ndoa zenu sikuja kuyaamua leo. Mtoto umemzaa wewe. Nani amchukue hapa jioni?"

Bhoke akamwangalia Marwa kwa muda.  Nilimwona Bibi ameishika fimbo kwa mikono miwili, macho hayamtoki Bhoke. Ndipo nikaelewa kwamba naye hakuwa na uhakika wa jibu.

"Nimchukue mimi," Bhoke akasema. "Au Bibi. Mwingine asipewe, hata akija na biskuti lori zima."

Dada Afisa akamwambia Marwa, "Kama una dai, ofisi yangu ipo Tarime, njoo tukusikilize kwa utaratibu. Lakini mtoto hatoki hapa kwa karatasi ya ukutani."

Marwa akasimama kidogo. Akatoa pakiti mfukoni, akampa Mwita, akawasha pikipiki akaondoka. Hakuaga mtu.

Ukaguzi hatukupita. Dada Afisa aliandika kwamba rejista ina taarifa zisizo za kweli. Akatupa mwezi mmoja turekebishe, kituo kiendelee chini ya uangalizi wake. Dirisha la mkopo likafungwa tukiwa nje.

Kabla hajaondoka akanikalisha. "Mwalimu, hii rejista haikuulizi ukoo. Inakuuliza mtoto akiumia tumpigie nani, na jioni akabidhiwe kwa nani. Mtoto hana baba wa kuandikwa? Piga mstari, andika mlezi. Ungeniuliza, ningekuambia hivyo kwa simu."

Simu moja tu, wakuu.

Lakini lililoniumiza si mkopo. Kesho yake Mwita hakuja. Wala kesho kutwa. Nilikwenda mialoni, nikamkuta amekaa kwenye kifusi, kopo mkononi, anachota maji machafu na kumwaga. Akanipungia mkono kama vile tuko darasani.

Nilikwenda kwa Bibi mara ya kwanza, akanisimamisha nje. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu sikubeba maneno, nilibeba rejista mpya na kidau cha wino. Nikakaa chini.

"Bibi, nimeiandika upya. Nitakusomea. Usipokubali, nafuta."

Nikasoma polepole. Mtoto, Mwita. Mama, Bhoke. Baba, mstari. Mlezi, Wankuru. Anayeruhusiwa kumchukua, Bhoke au Wankuru, mwingine hapana.

"Soma tena hapo kwenye mlezi."

Nikasoma tena.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe."

Akachovya kidole gumba, akakibonyeza kwa nguvu mpaka karatasi ikakunjamana. Kisha akakitazama kile kidole kwa muda, akanipa kiti.

Asubuhi iliyofuata alimleta Mwita mwenyewe, mapema kabla sijafagia.

Mzazi kwa mzazi tukafanya hivyohivyo. Wawili wengine nao walikuwa na makosa ambayo nisingeyajua. Ukaguzi wa pili tulipita, cheti cha usajili kikaja. Mkopo bado, tumeomba upya na tunasubiri kama wengine.

Nilichojifunza ni kwamba mahitaji ya usajili sikuyaelewa, niliyaona kama vizuizi vya kuruka. Kumbe karibu kila safu kwenye zile karatasi inamlinda mtoto fulani, ukiijaza kwa ukweli. Ukiijaza kwa kuokoteza, inampa mtu mwingine nguvu juu yake.

Wenye vituo, maafisa ustawi mliomo humu na Wakurya wenzangu, ongezeni mlipoona nimepungukiwa. Mwenye swali la usajili aulize hapahapa ili na wengine wasome, nitajibu ninachokijua.

Kwa leo fanya hivi: bandua orodha ya watoto ukutani, ifungie kabatini, na mzazi akija kumchukua mwanaye jioni msomee kwa sauti mstari wake wote kabla hajatia sahihi.