Wadudu wa Muuza Mtindi

Muuza mtindi alikuwa na mikono misafi kuliko daktari, na anayebisha aseme ni daktari gani anayeosha kifuniko mara tatu. Kila asubuhi aliinusa sufuria, akaigonga ubavuni kwa ukucha, kisha akaweka kando kikombe cha mbegu, mtindi wa kugandishia maziwa ya kesho. Mbegu ile ilikuwa imedumu miaka ishirini. Mumewe alidumu minane. Siku moja bintiye, mpimaji wa maabara, akasema huku akilamba kijiko, “Mama, humu mna bakteria hai. Wengine hutengeneza vitamini B. Na tumboni mwako wamo wanaokutengenezea vitamini K.”

Upawa ukamponyoka. “Wadudu? Kwenye mtindi wangu? Koma, mwana we!” Papo hapo akaichemsha mbegu mpaka ikatokota, akaitia kwenye maziwa, akalala roho kwatu. Kulipokucha, sufuria nzima ilikuwa majimaji. Akagonga ubavu, akanusa, akagonga tena. Mwisho akachukua kikombe, akaenda kwa jirani ambaye yeye mwenyewe alimgawia mbegu mwaka juzi, yule yule ambaye yeye humwita mchafu. “Jirani,” akanong’ona, “nigawie kijiko kimoja cha wale wadudu wangu. Tafadhali, wawe wazima.”