Kibao cha Tatu cha Mimbari

Mume wangu alikuwa seremala tangu kabla sijamjua. Toronto alifanya kazi ya kufunga milango na makabati kwenye nyumba za watu, lakini kazi aliyoipenda aliifanyia besimenti, chumba cha chini ya nyumba, katika nyumba ndogo tuliyopanga kitongoji cha Etobicoke baada ya kuishi ghorofani miaka tisa. Huko chini alikuwa na benchi, jiliwa, na patasi alizotoka nazo Moshi zimeviringishwa kwenye kitenge changu cha zamani. Dirisha lilikuwa moja, juu karibu na dari, na wakati wa baridi lilizibwa na theluji.

Ibada yetu ya Kiswahili tuliifanya Jumapili mchana kwenye kanisa la kuazima, wenye kanisa wakishamaliza yao. Hatukuwa na kitu chetu pale zaidi ya vitabu vya nyimbo na birika kubwa la chai. Mume wangu akaahidi kutengeneza mimbari. Mbele ingekuwa na vibao vitatu, kila kimoja kimechongwa mgomba na mkungu wake. Vibao viwili alivimaliza. Cha tatu kilikuwa kimebanwa kwenye jiliwa, hakijaguswa, asubuhi ile ya Februari alipoanguka bafuni.

Kiharusi kilichukua upande wa kulia. Maneno yalirudi baada ya wiki kadhaa, machache machache. Mguu ulirudi nusu. Mkono haukurudi. Akitaka kukaa, aliuinua kwa mkono wa kushoto na kuuweka mapajani, kama anayempakatia mtu mzigo wake.

Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha makabati ya jikoni, Brampton. Kulikuwa na mashine pale yenye meza pana. Juu ya meza kuna daraja linalokwenda mbele na nyuma, na kwenye daraja imefungwa ruta, ile mota yenye kisu kinachozunguka kwa kasi na kuchimba mbao. Kompyuta ndiyo iliyoiongoza. Mimi nilisimama mwisho wa meza nikiokota mbao zilizokwisha kukatwa. Nilikuwa nimeokota mbao hizo miaka mitatu bila kuwaza lolote, mpaka siku moja nikajikuta nimesimama, mikono mitupu, natazama kile kisu. Haukuwepo mkono wa mtu pale.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu. Alikuwa kitandani, viatu bado miguuni kwa sababu hakuna aliyekuwepo wa kumvua.

"Watu wanatengeneza ndogo zake majumbani," nilisema. "Nimeona kwenye intaneti. Meza, reli, skrubu ndefu, mota tatu na kompyuta kuukuu."

"Nani atatengeneza?"

"Sisi."

Aliuinua mkono wa kulia akauweka mapajani, akakaa. Kisha akasema, "Nisaidie kushuka."

Ngazi za besimenti zilikuwa kumi na tatu. Alizishuka amekaa, moja baada ya nyingine, mimi nikiwa mbele yake nimemshika magoti. Ndivyo tulivyoshuka kila Jumamosi na kila Jumapili tukitoka kanisani, msimu mzima wa baridi.

Niseme ukweli, ile mashine haikujengwa na mtu anayejua. Yeye alijua mbao lakini hakuweza kushika. Mimi niliweza kushika lakini sikujua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akinielekeza, na maneno yalipomkwama alipiga paja kwa kiganja cha kushoto.

"Pima kona kwa kona," alisema tulipounga fremu ya meza. Nikapima. Mshazari mmoja ulizidi mwingine kwa upana wa kidole.

"Fungua."

Nikafungua skrubu zote, nikaunga upya. Ukazidi tena. Mara ya nne nilikaa sakafuni nikalia, bisibisi mkononi. Alitaka kuinuka anifuate. Aliegemea ukingo wa benchi, mguu ukakataa, akarudi kitini kwa kishindo. Tukabaki tunatazamana, mimi chini, yeye kitini, hatua mbili kati yetu.

"Mara ya tano," alisema.

Mara ya tano ikakaa sawa.

Reli na skrubu zililetwa na posta, nyingine zimepinda. Nyaya za mota nilizifunga nikisoma maelezo ya mtu nisiyemjua, aliyeandika Kiingereza kigumu na kuruka hatua alizoziona rahisi. Binti yetu, aliyekuwa chuoni mji mwingine, alinisaidia kwa simu kuweka programu kwenye kompyuta. Mimi nilimuuliza kwa Kiswahili, yeye alijibu kwa Kiingereza, na nusu ya majibu sikuyaelewa, ila niliona aibu kuuliza mara ya tatu.

Mwezi Machi wa mwaka uliofuata mashine ilitembea. Daraja lilikwenda mbele, likarudi nyuma. Mume wangu aliinama kulitazama, kinywa wazi kidogo. Harufu ya ndizi na nyama ikaniambia sufuria huko juu inaungua, nikapanda mbio kuzima jiko. Sikumaliza hata dakika mbili.

Niliposikia mlio nilijua si mlio wa kawaida. Ulikuwa wa kusaga, wa chuma kinachosukuma kisipopita. Nilishuka ngazi mbili mbili. Daraja lilikuwa limefika mwisho wa reli na mota bado inalisukuma, fremu inapasuka, ruta imejilaza na kisu chake kinakula meza yenyewe. Swichi ya kuzimia ilikuwa upande wa kulia wa kiti. Mume wangu alikuwa amejipinda mwili mzima, mkono wa kushoto ameupitisha kifuani kuitafuta, na ilibaki kama shubiri moja asiifikie.

Nikachomoa waya ukutani. Vumbi likatanda chini ya taa.

"Nilikuwa naiona tu," alisema. "Nilikuwa naiona tu, Mama."

Swichi niliiweka mimi. Niliiweka kulia kwa sababu maisha yake yote vitu vyake vilikaa kulia. Nilimwomba msamaha mara nyingi usiku ule na siku zilizofuata, naye kila mara akasema si kitu, kwa sauti ileile, mpaka nikaacha kuomba.

Tulijenga fremu upya. Safari hii swichi ikawa kushoto, kubwa, nyekundu. Tulipojaribu kuchonga duara, likatoka yai. Alilishika, akaligeuza, akacheka, mara ya kwanza tangu Februari ya mwaka uliopita. Tuligundua nimekosea namba moja kwenye kompyuta. Nikairekebisha, duara likawa duara. Siku ile tulikula chakula besimenti, sahani juu ya benchi, na nilidhani tumeshavuka.

Kielezo cha mgomba alikuwa amekichora kwenye karatasi ngumu kabla ya kuugua. Nilikipiga picha, binti akakigeuza mistari inayosomeka na kompyuta, akanitumia. Nikakitoa kile kibao cha tatu kwenye jiliwa, nikakifunga mezani. Mashine ilichonga saa tatu nzima. Kisu kilikwenda bila kusita, kikapita kwenye fundo la mti kama hakikuliona. Nilipofyonza vumbi, mgomba ulikuwa pale, majani yote, mkungu wote.

Mimi nilipiga vigelegele peke yangu. Yeye alipitisha vidole vya kushoto ndani ya mifereji, taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Imechonga yenyewe," alisema.

"Kwa kielezo chako."

Aliomba kupandishwa juu.

Jumapili ya Pasaka mimbari ilisimamishwa kanisani. Wanaume wawili waliiunganisha, mchungaji akaweka mkono juu yake akamwita mume wangu mbele. Watu walisimama, makofi, vigelegele, akina mama wakija kugusa ile migomba. Mzee mmoja wa kanisa alimshika bega akasema, "Ndugu yetu, tulidhani mkono umekufa, kumbe Mungu hajamaliza nao."

Mume wangu alitikisa kichwa kuitikia. Nilikuwa nimemshika kiwiko. Ningeweza kusema kitu. Ningeweza kusema kibao cha tatu, cha kulia, kimechongwa na mashine, viwili ndivyo vyake. Lakini ningesema vipi, mbele ya watu wanaoimba?

Nyumbani alikaa kitini na koti lake.

"Hawakuona," alisema.

"Waliipenda kazi yako."

"Walivipenda vyote vitatu. Sawasawa."

Nikapiga magoti nikamvua viatu.

Hakushuka besimenti tena. Nilimwambia tunaweza kuchonga vitu vingine, majina ya milango, masanduku, akasema nichonge tu. Siku moja nilijaribu peke yangu. Mlio ulipoanza nilisikia mlango wa mbele unafunguliwa juu. Nilimkuta barabarani na fimbo yake, bila kofia, upepo wa Novemba unampiga, amesimama tu. Nikamrudisha ndani, nikaenda kuzima.

Tulihama nyumba ile miaka minne baadaye. Mashine ilikuwa bado pale chini, imefunikwa shuka. Vijana wa kubeba mizigo waliuliza kama inakwenda au inabaki. Nilitoka kumuuliza mume wangu, aliyekuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele cha gari.

"Wanauliza habari ya mashine."

"Ni yako," alisema, bila ubaya wowote.

Nilirudi ndani. Wakaniuliza tena, kwa upole, wakisema lori linasubiri. Nikawaambia wangoje kidogo, nikaenda jikoni kuwatafutia maji ya kunywa, nikakumbuka kwamba vikombe vyote vimeshafungwa.